Varnish kwenye tovuti ya masomo: uzoefu wangu

Ninatunza tovuti ya masomo ya kituo kimoja hapa Lubumbashi, upande wa Kampemba. Seva yenyewe iko Ufaransa. Mwalimu akisema "fungueni somo la tatu", darasa zima linavuta PDF ileile kwa wakati mmoja kupitia laini moja nyembamba. Ndiyo maana niliweka proksi hapa kituoni, isimame mbele ya seva, ivute faili mara moja na kuwagawia wote.

Proksi niliyoanza nayo niliipanga vibaya. Ufunguo wa kashe, yaani alama ya kutofautisha nakala zilizohifadhiwa kwenye proksi, ulikuwa anwani ya ukurasa peke yake, na ukurasa wa matokeo una anwani moja kwa watu wote. Mwanafunzi akaja na simu mkononi: "Mwalimu, hizi pointi si zangu." Zilikuwa za mwenzake aliyefungua kabla yake. Niliizima saa ileile nikawaomba radhi wote wawili, na mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Nikahamia Varnish, programu huria ya Poul-Henning Kamp wa Denmark, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2006. Usipoigusa, inakataa kuhifadhi: ombi lenye kuki (alama ndogo inayomtambulisha mtumiaji) au hedari (mstari wa maelezo unaotangulia ombi au jibu) ya Authorization, yenye kibali cha kuingia, linapelekwa moja kwa moja kwenye seva, na jibu lenye Set-Cookie, hedari inayompa mtu kuki, halihifadhiwi. Wiki ya kwanza kashe yangu ilikaa tupu, maana kila mwanafunzi ana kuki. Wapo wanaoiona hiyo kasoro. Mimi, baada ya yale ya pointi, nataka chombo kinachokataa mpaka nikiandikie lini kikubali.

Unakiandikia kwa VCL, lugha yake ndogo. Ombi likifika, Varnish yangu kwanza inaiuliza seva: mwenye kuki hii ni wa darasa gani? Jibu linarudi kwenye hedari tu, bila mwili, na hata laini yetu inalimudu. Kisha ombi linaanza upya kwa amri ya restart. Jina la darasa linaingia kwenye ufunguo pamoja na anwani. Kuki haiingii, ingawa faili ikikosekana kwenye kashe, kuki inasafiri na ombi hadi kwenye seva. Darasa moja, nakala moja. Matokeo nimeyaacha nje kabisa, hayahifadhiwi hata sekunde.

Mambo mawili yalinikesha. Hedari ya darasa lazima ifutwe ombi linapoingia, la sivyo mjanja yeyote anajiandikia darasa analotaka. Lakini vcl_recv, sehemu ya VCL inayopokea ombi, inapitiwa tena baada ya restart, na mimi nilikuwa naifuta mara zote mbili! Angalia kwanza kama req.restarts, yaani mara ambazo ombi limeanza upya, ni 0, ndipo uifute. La pili, mfumo wetu ulituma kuki mpya hata pamoja na PDF, kwa hiyo niliondoa Set-Cookie kwenye PDF peke yake. Usije ukailazimisha Varnish kuhifadhi jibu likiwa bado na Set-Cookie: utawapa watu wote kuki ya mtu mmoja, waingie kwa jina lake.

Lawama ninazo. Kashe inakaa kwenye RAM, na umeme ukikatika kila kitu kinapotea. Asubuhi yake darasa la kwanza ndilo linalosubiri. Hata ukichagua kuiweka kwenye faili ya diski, programu ikiwashwa upya inaanza tupu. Tena toleo ninalotumia halishughuliki na TLS, usimbaji wa anwani za https, ikanibidi nitangulize mbele yake programu ya Hitch inayoifanya kazi hiyo.

Sasa kila nikibadilisha mstari mmoja wa VCL, nachukua simu mbili za wanafunzi wa madarasa tofauti, nafungua ukurasa mmoja kwenye zote mbili, halafu kwenye laptopu nasoma hedari ya X-Varnish: namba mbili maana yake jibu limetoka kwenye kashe, namba moja limetoka Ufaransa. Kwenye ukurasa wa matokeo nataka kuona namba moja, kila mara.