Gofu nje ya nchi kwa kikundi cha Mtwara na Lindi: wapi kwanza, wapi baadaye

Pesa ya korosho ikishaingia, swali kwenye kundi letu huwa ni lile lile: mwaka huu tunakwenda kucheza wapi? Tuko kumi na wawili, wa Mtwara na Lindi. Wapo wa benki, wa bandari, wanunuzi wa korosho, daktari mmoja, na mimi mweka hazina. Wengi wetu tulishika fimbo mara ya kwanza kwenye uwanja wa gofu wa Lugalo, Dar es Salaam, tukiwa huko kikazi, na mpaka leo mazoezi yetu ni ya kudokoa: ukiitwa Dar kwenye mkutano, unapitia uwanjani kabla ya kurudi. Ndiyo maana safari ya nje tunaisubiri mwaka mzima. Ndizo siku pekee tunazocheza mashimo 18 mfululizo, siku nne, bila simu ya ofisini.

Nimeshika daftari la michango kwa safari kadhaa sasa, na kosa ninaloliona kila mara ni watu kununua jina la uwanja. Mmoja kauona kwenye televisheni, basi kundi zima linaanza kupiga hesabu ya kwenda huko. Sisi wa kusini tuna hesabu yetu ambayo mtu wa Dar au Arusha hana. Kutoka Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550 za barabara. Siku ya kwanza na ya mwisho zimeshaliwa kabla hujaona grini yoyote, yaani lile eneo la majani mafupi lenye shimo. Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza ni hiki: safari ya siku nane itoe siku nne kamili za kucheza. Isipotoa, naiweka pembeni hata kama bei ni nzuri.

Kipimo cha pili ni mchezaji wa katikati. Kwetu handikapu, yaani mapigo ya ziada anayopewa mchezaji kulingana na uwezo wake, zinaanzia 9 kwa hodari hadi 36 kwa mchanga. Uwanja wenye maji kila kona humfurahisha yule wa 9, lakini mwenye 28 anapoteza mipira kumi kwa raundi, na siku ya tatu anasema mgongo unauma, anabaki hotelini. Hapo kikundi kimeshavunjika. Chagua uwanja ambao mchezaji wenu wa katikati anaweza kumaliza akiwa na mpira alioanza nao.

Wakati wa kwenda

Januari. Msimu wa korosho huanza kwa mavuno ya Septemba na Oktoba, minada inafuata, na mpaka Desemba wengi wa kundi letu hawawezi kutoka. Januari ghalani kumetulia. Kwetu huku mvua zinakuwa zimeshika, lakini pwani ya Kenya ni kaskazi, kukavu, na Nairobi nako ni kukavu. Ukichelewa hadi Machi mwishoni unakutana na masika. Kingine ni mwezi mtukufu: Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza wiki ya pili ya Februari, na ya 2028 itaanguka mwishoni mwa Januari. Nusu ya kundi letu wanafunga, na kutembea mashimo 18 kwenye jua la pwani bila maji si jambo la kumwomba mtu.

Ila kwa kuwa Januari kwetu ni mvua, usipange kusafiri kwa barabara leo na kupanda ndege Dar kesho asubuhi. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar ilikatika Somanga na magari yakakwama. Acha usiku mmoja wa akiba Dar, kwenda na kurudi.

Nafasi ya kwanza: Diani, na Mombasa kwa nyongeza

Diani naiweka juu bila kusita. Mkifika, gari mnaliaga. Uwanja wa Leisure una mashimo 18 na uko ndani ya eneo lile lile la mapumziko. Asubuhi unakunywa chai, unatembea hadi kwenye tii ya kwanza, pale unapopigia pigo la kuanza shimo. Mibuyu imesimama ndani ya uwanja, na mbega wanakuangalia kutoka mitini. Ni uwanja wa miti kuliko maji, kwa hiyo mpira uliopotoka unaukuta, unalipa pigo moja kurudi njiani, unaendelea. Kwa wetu wa 28 na 30 hiyo ndiyo raha yenyewe.

Hapo ndipo nilipojifunza kuheshimu kedi, yule anayekubebea fimbo na kukushauri. Shimo la tano mpira wangu ulikuwa kama hatua sita kutoka bendera, grini imenyooka kama meza. Kedi wangu, mzee mmoja mwembamba, akainama, akapitisha kiganja juu ya majani bila kuyagusa, akasema, "Mama, hapa majani yalala kuelekea baharini. Piga nusu ya nguvu." Niliona ananizidishia. Nikapiga nguvu yangu, mpira ukapita shimo, ukaenda hatua nne nyingine. Majani ya pwani hulala upande mmoja, na mpira unaokwenda na ulalo wake unateleza, unaokwenda kinyume unakwama. Siku ya pili nilimsikiliza, nikapunguza mapigo sita kwenye grini peke yake. Usibane senti ya kedi kwenye uwanja usioujua.

Njia ya kwenda ni faida nyingine. Kosta moja kutoka Dar, Tanga, mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga, halafu moja kwa moja Diani. Diani iko kusini mwa Mombasa, kwa hiyo huhitaji kivuko cha Likoni. Mabegi ya fimbo yako nyuma yenu muda wote, hakuna anayeyapima, hakuna anayeyaacha. Raia wa Tanzania haombi viza ya Kenya. Pasipoti hai inatosha, na beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Dereva awe na bima ya kuvuka mpaka.

Siku mbili Diani, siku ya tatu nendeni Vipingo Ridge, kaskazini mwa Mombasa upande wa Kilifi. Uwanja wake wa Baobab uko juu ya mgongo wa ardhi, bahari unaiona kwa mbali, upepo unakupiga kutoka huko. Ndiko Magical Kenya Ladies Open ya 2019 ilikochezwa, na Mjerumani Esther Henseleit akashinda. Kina dada wa kundi letu hawataki kusikia safari isiyopita Vipingo. Ni mgumu kuliko Leisure hasa upepo ukivuma, kwa hiyo chezeni tii za mbele na msione haya. Kama mmebaki na asubuhi moja, klabu ya Mombasa ina mashimo 9 ukingoni mwa bahari, meli zikiingia bandarini mbele ya macho yako. Watu wa bandari yetu walicheza mashimo matano, yaliyobaki wakasimama kuhesabu makontena.

Nafasi ya pili: Nairobi

Kwa hesabu ya siku za njiani, Nairobi inaishinda Diani. Mkiruka Mtwara asubuhi mnaweza kulala Nairobi siku hiyo hiyo. Viwanja ni vingi na vina historia. Royal Nairobi ni ya 1906. Muthaiga na Karen zote zimeandaa Kenya Open, mashindano yaliyoanza 1967 na ambayo Seve Ballesteros aliyashinda 1978. Mtu anayependa mchezo huu atasisimka kusimama hapo.

Kinachoishusha ni mambo matatu. Hivi ni viwanja vya klabu za wanachama. Jumamosi ni za mashindano yao, wageni kumi na wawili hawapenyi kirahisi. Mwandikieni katibu wa klabu miezi miwili kabla, mwombe Jumatatu hadi Alhamisi, mwambatanishe vyeti vya handikapu. Pili, foleni. Kila uwanja uko upande wake wa jiji, na kila asubuhi mnakaa garini. Tatu ni mwinuko, kama mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unakwenda mbali kuliko pwani. Sisi tuliozoea usawa wa bahari tulipitisha grini zote za siku ya kwanza. Punguza fimbo moja: pale ulipozoea kupiga fimbo ya chuma namba 7, shika namba 8, inayopeleka mpira karibu zaidi.

Angalieni pia kalenda ya Kenya Open, ambayo miaka ya karibuni imekuwa Februari au Machi. Uwanja unaoandaa hufungiwa wageni kabla na wakati wa mashindano.

Nafasi ya tatu: Kigali

Kwa kikundi cha wanne tu, ningeiweka ya pili. Uwanja wa Nyarutarama ulisanifiwa upya na kampuni ya Gary Player kuwa wa mashimo 18, jiji ni safi na tulivu, ndege ya moja kwa moja ipo kutoka Dar, na viza hakuna. Tatizo ni kwamba uwanja ni mmoja. Raundi ya kwanza na ya pili ni tamu. Ya nne mnaufahamu kama uani kwenu. Milima nayo ni ya kweli, wenye magoti mabovu wakodi kigari. Kampala, na uwanja wake wa Kitante katikati ya jiji, pamoja na Entebbe kando ya ziwa, ni mbadala mzuri kama tiketi za Kigali zimepanda.

Nafasi ya nne: Afrika Kusini

Hapa kuna viwanja ambavyo Afrika Mashariki haina. Durban Country Club, uliofunguliwa 1922 kwenye vilima vya mchanga karibu na bahari, umeandaa South African Open mara nyingi kuliko uwanja mwingine wowote. Sun City kuna viwanja viwili. Kule Lost City, shimo la 13 lina grini yenye umbo la Afrika na mbele yake bwawa lenye mamba. Ukipiga fupi, mpira huo ni wa mamba.

Lakini ni safari ya sherehe, ya miaka mitano mara moja. Tiketi ya ndege na begi la fimbo kwa watu kumi na wawili inameza bajeti ambayo Diani ingewapeleka mara mbili. Kama mnakwenda, muwe mmefanya mazoezi ya kutosha, na huko bara, Johannesburg na Sun City, wekeni muda wa kuanza asubuhi mapema. Januari ni kiangazi chao na radi za alasiri ni za kawaida. King'ora kikilia, mnatoka uwanjani.

Mauritius, Dubai na Scotland nimeziacha chini kwa makusudi. Za kwanza mbili ni nzuri na ghali. Scotland ina viza ya Uingereza, na pale St Andrews nafasi kwenye Old Course kwa wengi hupatikana kwa kura, na Jumapili uwanja unafungwa. Kusafirisha watu kumi na wawili kutoka Mtwara kwenda kusubiri kura, mimi siwezi kusaini hundi hiyo.

Pesa na idadi

Muwe wanne, wanane au kumi na wawili. Viwanja hupanga wanne wanne. Mkiwa tisa, mmoja anachezeshwa na wageni au wote mnasubiri. Chezeni kwa pointi, Stableford, ili aliyeharibu shimo aokote mpira wake na kuendelea bila kuwachelewesha wenzake.

Mkiomba bei, ulizeni neno kwa neno kilichomo: ada ya uwanja, kedi, kigari, mipira ya mazoezi, chakula. Kwenye viwanja na hoteli nyingi za Kenya kuna bei ya mkaazi wa Afrika Mashariki, ila hawaitaji usipoiuliza. Kama mna mtu wa mkono wa kushoto anayetaka kukodi fimbo, mtaje mapema. Bahashishi ya kedi ikubaliwe kwenye kundi kabla ya kufika, iwe moja kwa wote, noti ndogo ndogo.

Mwaka mmoja nililipia vyumba vya watu kumi na wawili kwa pesa ya akaunti ya kikundi, watatu wakajitoa wiki mbili kabla, na hoteli haikurudisha kitu. Tisa waliobaki walilipa pengo lile, na urafiki wa watu wawili haujarudi mpaka leo. Tangu hapo kila mtu analipa kishika nafasi chake mwenyewe kufikia mwisho wa Septemba, akijua kwamba hakirudi. Asiyelipa, jina lake siandiki.

Begi la fimbo

Mnaopanda ndege Mtwara, hii ni yenu. Ndege ndogo ikijaa, mabegi marefu ndiyo ya kwanza kubaki. Letu moja lilitukuta siku ya tatu, na dreva, ile fimbo ndefu kuliko zote, imevunjika shingo. Sasa nafunga hivi: nakata mpini wa fagio uzidi dreva kwa urefu wa kidole, nausimamisha katikati ya fimbo, ili begi likidondoshwa kichwa chini mpini ndio upokee kishindo. Vichwa vya fimbo navifunga pamoja kwa kanga kuukuu, viatu na mashati yenye kola nayasokomeza pembeni yasicheze. Kifaa cha kupimia umbali chenye betri nakiweka mkobani. Fimbo zisizidi 14. Halafu napima uzito nyumbani, kwenye mizani ile ile ya korosho.