Dawa ya meno ya kung'arisha: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kabla hujaenda dukani, chukua kioo usimame dirishani mchana, utazame rangi imekaa wapi. Kama ukahawia umejikusanya kwenye mianya ya meno na karibu na fizi, hasa nyuma ya meno ya mbele ya chini, hilo ni doa la juu. Limeletwa na chai ya rangi, kahawa, sigara, miraa, pengine dawa ya maji ya kuongeza damu, au dawa ya kusukutua yenye klorheksidini. Doa la namna hii dawa ya meno inaliweza. Kama meno yote yana umanjano ulio sawasawa, huenda hiyo ndiyo rangi yako. Chini ya enameli, yaani ganda gumu la nje la jino, kuna dentini, na dentini kwa asili ni ya manjano; kadiri umri unavyosogea enameli hupungua unene na ile manjano huzidi kuonekana. Hapo dawa ya dukani itasogeza rangi kidogo tu.

Aina ya tatu ndiyo inayowalia watu hela bure. Waliokulia Arusha, Meru, Nakuru au Naivasha wanaijua: meno ya kahawia au yenye mabaka meupe kama chokaa tangu yalipoota. Sababu ni floraidi nyingi iliyomo kwenye maji ya Bonde la Ufa, inayotoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, na vyanzo vingi vya ukanda huo vinapita hapo kwa mbali. Rangi hiyo iliingia ndani ya enameli wakati jino bado linajengwa chini ya ufizi, mtoto akiwa mdogo. Hakuna tubu itakayoitoa, na ukisugua kwa hasira unamaliza enameli ambayo tayari ina udhaifu. Daktari wa meno ana njia zake: kukwangua tabaka jembamba kitaalamu, kujaza mabaka kwa gundi maalumu, au kuvika jino gamba la mbele. Hela ya tubu tano za "kung'arisha" ni heri uitie kwenye nauli ya kliniki.

Sasa tuje kwenye rafu. Nimezipanga kwa kuangalia mambo matatu: je, ina floraidi ya kiasi, ile ya kulinda jino lisitoboke, chembe zake zina ukali gani, na je, inafanya kile boksi linachodai.

Ya kwanza: floraidi pamoja na silika na fosfeti

Kwa watu wengi hii inatosha. Chembe za silika hukwangua doa la juu taratibu, nazo fosfeti (kwenye boksi tafuta neno lenye "phosphate" mwishoni, kama pyrophosphate au hexametaphosphate) huzuia doa jipya na ukoga mgumu visishike. Colgate na Aquafresh wana matoleo ya namna hii, na hupatikana hata duka la mtaani. Floraidi iwe kati ya 1000 na 1500 ppm (sehemu kwa kila milioni). Nyingi huandikwa 1450.

Ukali wa chembe hupimwa kwa kipimo kiitwacho RDA. Kiwango cha kimataifa cha ISO 11609 kinaweka ukomo wa 250, lakini hiyo ni dari, siyo shabaha. Chini ya 70 ni laini, na kuanzia 100 kwenda juu inaanza kuwa kali kwa matumizi ya kila siku, hasa kwa mtu ambaye fizi zimerudi nyuma na mizizi iko wazi. Kinachoudhi ni kwamba tarakimu hii ni nadra kuiona kwenye boksi. Wakati mwingine mtengenezaji huitaja kwenye tovuti yake. Ukiikosa, kaa mbali na maboksi yanayojisifu kung'oa madoa sugu ya wavuta sigara, maana hayo ndiyo huwa na chembe kali.

Ya pili: ya meno yenye ganzi

Kama maji ya baridi au barafu ya ukwaju inakufanya ukunje uso, ipandishe hii iwe ya kwanza. Sensodyne wana tubu za kung'arisha zenye potasiamu naitreti au floraidi ya stanasi, na chembe zake huwa za upole. Weupe wake si wa kushangaza. Faida yake ni kwamba haitakufanya uache kupiga mswaki kwa maumivu. Ipe wiki mbili mfululizo, asubuhi na usiku, ndipo uihukumu.

Ya tatu: yenye bikaboneti ya soda

Hii ni ile soda ya kuumulia mandazi. Chembe zake ni laini na huyeyuka kwenye mate, kwa hiyo huondoa doa bila kuchubua. Nunua iliyochanganywa tayari na floraidi. Soda kavu ya jikoni haina floraidi, na ukiitumia peke yake kwa miezi unaacha meno bila kinga.

Magadi ya kulainishia maharage na makande ni kitu kingine kabisa. Ni makali, huunguza fizi, na yale ya Bonde la Ufa yenyewe huwa na floraidi nyingi. Yasiguse mswaki.

Ya nne: buluu na zambarau

Hizi hazitoi doa. Zinaacha utando wa rangi unaofunika manjano, sawa na buluu tuliyokuwa tukisuuzia mashati meupe ya shule. Jicho linadanganyika, na ukishakula, utando umekwenda. Kwenye boksi rangi ya buluu huandikwa CI 74160. Kwa asubuhi ya harusi au siku ya kupiga picha sioni ubaya wake. Ila tubu za zambarau zinazouzwa mtandaoni, baadhi hazina floraidi hata chembe, kwa hiyo zipake baada ya kupiga mswaki na dawa yako ya kawaida, zisichukue nafasi yake.

Ya tano: peroksaidi

Hii ni kemikali ya kupausha, nayo pekee ndiyo inayobadilisha rangi ya jino lenyewe, na bado nimeishusha hadi hapa. Umoja wa Ulaya, tangu 2012, hauruhusu bidhaa ya meno yenye zaidi ya asilimia 0.1 ya haidrojeni peroksaidi kuuzwa moja kwa moja kwa mteja. Kuanzia hapo hadi asilimia 6 lazima ipitie kwa daktari wa meno, na isitumiwe na aliye chini ya miaka 18. Marekani wamelegeza zaidi, na baadhi ya Colgate Optic White zinazouzwa huko zina peroksaidi ya asilimia 2 au zaidi. Kwa hiyo tubu aliyokuletea shangazi kutoka Houston na ile ya Paris zinaweza kuwa na nguvu tofauti kabisa. Usiende na jina, soma viambato.

Ukiamua kuitumia, hakikisha kwanza huna jino lililotoboka wala fizi zinazovuja damu, kwa sababu itakuchoma. Jino lenye kofia ya porseleni au kujazwa kwa mbele halibadiliki rangi. Utang'arisha majirani zake nalo libaki kama lilivyo. Wenye mabaka meupe ya floraidi pia wawe na hadhari: mwanzoni mabaka yanaweza kuonekana zaidi. Mjamzito aisubirishe hadi ajifungue.

Ya mwisho: mkaa

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 kwenye jarida la chama cha madaktari wa meno wa Marekani hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba mkaa unang'arisha au ni salama. Unga wake unaweza kuwa mkali, tubu nyingi hazina floraidi, na weusi wake hujificha kwenye nyufa za meno na kandokando ya meno yaliyojazwa. Mkaa uliosaidia meno Tanzania ni ule wa mifupa uliofanyiwa utafiti kituo cha Ngurdoto, Arusha, na huo kazi yake ni kuchuja floraidi kwenye maji. Jivu, mchanga na ndimu viingie kapu hilohilo la mkaa. Ndimu ndiyo mbaya zaidi: asidi inayeyusha enameli, na enameli ikiondoka hairudi.

Namna ya kuitumia

Mswaki uwe laini. Dawa ya ukubwa wa punje ya njegere inatosha, dakika mbili, mara mbili kwa siku. Ukimaliza tema povu na usisukutue kwa maji mengi, floraidi ibaki kazini. Ukila embe bichi ya ndimu na pilipili, ukwaju, au ukinywa soda, subiri nusu saa ndipo upige mswaki. Mimi hupenda ya kung'arisha itumike usiku tu, asubuhi ya kawaida. Watoto hawahitaji ya kung'arisha kabisa: chini ya miaka mitatu dawa ya floraidi kama punje ya mchele, tatu hadi sita kama njegere, na mtu mzima awepo ili wasimeze.

Dukani angalia alama ya TBS kama uko Tanzania, KEBS kama uko Kenya, tarehe ya mwisho, na kifuniko kama kimeguswa.

Ukoga ulioganda na kuwa kama jiwe hauondoki kwa dawa yoyote iliyotajwa hapa. Huo ni wa kusafishwa kliniki, na mara nyingi madoa huondoka nao. Na ukiona jino moja tu limekuwa jeusi au kijivu huku mengine yakiwa sawa, pengine baada ya kuanguka au kupigwa zamani, usinunue kitu. Inawezekana jino hilo limekufa ndani, na linahitaji eksirei.