Kukata matini kwa namba ya nafasi au kwa kistari?

Tuseme stakabadhi za korosho kwenye ghala la Mtwara zinaandikwa hivi: s = "NEWALA-2024-0387". Unautaka mwaka peke yake. Kwenye Python, lugha ya kuandikia programu, njia ni mbili.

Ya kwanza ni s[7:11]. Inachukua herufi kuanzia nafasi ya 7; hesabu inaanzia 0, na herufi ya nafasi ya 11 haimo. Ni fupi, inapendeza. Lakini ikija "TANDAHIMBA-2024-0112", s[7:11] ileile inakupa "MBA-", tena kimya kimya. Hata s[50:60] hailalamiki, inarudisha matini tupu tu, ilhali s[50] ingesimamisha programu palepale.

Ya pili ni s.split("-")[1]. Hii inakata kila penye kistari, haihesabu herufi, na [1] ni kipande cha pili, kwa kuwa hesabu inaanzia 0. Iwe Newala, iwe Tandahimba, jibu ni "2024". Kistari kisipokuwepo kabisa inagoma kwa IndexError (kosa la kuomba nafasi isiyokuwepo), na mimi naona heri programu inayogoma kuliko inayodanganya.

Kwa namba ya mwisho s[-4:], yaani herufi nne za mwisho, inatosha, ilimradi stakabadhi zisifike 10000. Na kama wilaya zote zingeandikwa kwa herufi tatu (NEW, TAN, MAS), ningechukua s[4:8] bila kusita.