Sindano ya kuleta joto na mbegu za majike: uzoefu wangu na mhimilishaji, Machame

Nafuga ng'ombe wa maziwa hapa Machame, wilaya ya Hai. Ni chotara wa Friesian, wanakula na kulala bandani katikati ya kihamba, yaani shamba la nyumbani, majani wanaletewa. Ninayoyaeleza hapa ni huduma ya mhimilishaji binafsi, yaani mtu anayempandikizia ng'ombe mbegu za dume kwa mkono, anayezunguka na pikipiki na mtungi wake wa mbegu: anachunguza kizazi, anapiga sindano ya kuleta joto (ile hali ya ng'ombe kutaka kupandwa) ikibidi, anahimilisha, kisha anarudi kupima mimba. Nimemtumia kwa Tunu, ambaye alishazaa, na kwa mtamba wangu Pendo, aliyekuwa hajazaa bado. Sindano ilinisaidia, mbegu za majike, zilizochaguliwa ili azaliwe ndama jike, zimenipa ndama niliyemtaka, ila hela ninayoitoa kwa moyo mweupe kabisa ni ile ya uchunguzi.

Nianze na kilichonifanya nimpigie simu. Tunu alikuwa amezaa salama, maziwa yanatoka vizuri, ila miezi inakwenda na joto silioni. Kitaalamu ng'ombe aliyezaa hupumzishwa siku 45 hadi 60 ndipo ahimilishwe, na kwa kawaida joto humrudia kila baada ya siku 21, akiwahi 18, akichelewa 24. Tunu alishapita muda huo wa mapumziko na bado kimya. Majirani wakanishauri nimpeleke kwa dume la kuazima upande wa chini. Dume linalozungukia maboma ya watu silitaki. Linapanda leo huku, kesho kule, na magonjwa ya zinaa ya ng'ombe yanasafiri nalo, hata ule ugonjwa wa kutupa mimba, ambao binadamu pia tunaupata kwa kunywa maziwa mabichi au kumzalisha ng'ombe mikono mitupu.

Mhimilishaji alifika, akanisalimia, "Shikamoo mama," na kabla hajagusa mtungi akaniuliza maswali: alizaa lini, kondo la nyuma lilitoka lenyewe, aliwahi kutoa usaha, anakula nini. Kisha akaomba maji na sabuni. Alivaa glavu ndefu ya plastiki inayofika begani, akatoa kinyesi chote kwanza, halafu akatulia mkono ukiwa ndani, macho ameyaelekeza kwenye paa la banda kama mtu anayesikiliza redio ya mbali. Anachofanya pale ni kupapasa kizazi na ovari kupitia ukuta wa utumbo mpana. Baada ya muda akasema, "Mama, ng'ombe wako hana shida. Ovari ya kulia ina kivimbe, maana yake yai lilitoka siku si nyingi. Joto analipata, ninyi ndio hamlioni."

Nikamuuliza inawezekanaje nisilione na mimi ndiye ninayemkamua asubuhi na jioni. Akanieleza kwamba dalili ya uhakika kuliko zote ni ng'ombe kusimama atulie akipandwa na mwenzake. Tunu amefungwa peke yake kwenye chumba chake, nani atampanda? Halafu joto lenyewe hudumu kiasi cha saa 12 hadi 18, na wengi huanza usiku. Kinachobaki ni dalili ndogo ndogo: ute mwangavu unaoning'inia au kugandia mkiani, uke kuvimba kidogo na kuwa mwekundu, maziwa kupungua ghafla siku moja, kula kwa kusuasua. Na ukiona damu kidogo mkiani ujue joto lilishapita siku mbili hivi nyuma. Usiite mtu, andika tarehe usubiri mzunguko unaofuata.

Sindano aliyompiga Tunu siku hiyo ni ya prostaglandini. Alivyonieleza, yai likishatoka, mahali lilipotoka hubaki kile kivimbe cha manjano, nacho hutoa projesteroni, homoni inayolizuia joto lisije. Prostaglandini hukiyeyusha kivimbe, projesteroni inashuka, na ng'ombe huingia kwenye joto ndani ya siku 2 hadi 5. Kama kivimbe hakipo, au ndiyo kwanza kimeanza, sindano hiyo haifanyi kitu. Na kama ng'ombe ana mimba, anaitupa. Kwa hiyo anayekuja na kumpiga ng'ombe sindano bila kuingiza mkono anacheza kamari kwa hela yako, pengine na kwa ndama wako pia.

Jambo jingine lililonifanya nimheshimu: mkamwana wangu, aliyekuwa mjamzito, alisogea kushika kamba. Akaambiwa kwa upole arudi nyumbani. Dawa ile hupenya kwenye ngozi na inaweza kuleta madhara kwa mimba ya mtu, na wenye pumu nao hawatakiwi kuishika. Sijawahi kumsikia mtu mwingine akilisema hili, wala pale duka la dawa za mifugo.

Joto likaja kama alivyosema, safari hii nikiwa namchungulia Tunu hadi usiku. Niliona ute alfajiri, nikapiga simu, naye akasema atakuja jioni. Nilidhani ananizungusha. Kumbe ndiyo kanuni: joto la asubuhi huhudumiwa jioni, la jioni huhudumiwa asubuhi ya pili. Yai hutoka joto likiwa limekwisha, saa kumi na zaidi baadaye, na mbegu zinahitaji saa kadhaa ndani ya kizazi kabla hazijaweza kulirutubisha. Ukiwahi sana zinachoka, ukichelewa yai limezeeka.

Jioni hiyo nilitazama kila hatua. Ndani ya mtungi kuna naitrojeni ya kimiminika, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, moshi mweupe unafuka mfuniko ukiinuliwa. Akachomoa mrija wa mbegu kwa koleo, haraka, bila kuuinua mkebe juu ya shingo ya mtungi, akautumbukiza kwenye maji ya uvuguvugu aliyoyapima kwa kipimajoto, nyuzi 35 hadi 37, kwa nusu dakika na ushee. Akaufuta ukakauka kabisa, maana tone la maji likiingia linaua mbegu, akaukata ncha, akaupachika kwenye bunduki, kile chuma chembamba cha kuhimilishia, na kuuvika ala. Mkono mmoja ndani ukishika mlango wa kizazi, mwingine unaingiza bunduki taratibu. Mlango huo una pingili ngumu, na kuzipita ndiko kunakotofautisha fundi na mwanafunzi. Mbegu zinaachwa pale tu pingili zinapoishia, si mbele zaidi wala nyuma.

Nayasema haya kwa urefu kwa sababu mtu mwingine, ambaye simtaji, aliwahi kuja kwangu na mrija ndani ya chupa ya chai. Mtungi aliuacha kwake, mrija ameshauyeyusha, amepanda nao mlima mzima. Mbegu zikishayeyushwa hutumiwa ndani ya dakika chache, robo saa kwa wingi. Ng'ombe hakushika, na nililipa.

Sasa Pendo. Nilitaka naye apigwe sindano siku ileile aliyopigwa Tunu ili wazae kwa kukaribiana. Mhimilishaji akampapasa, akasema ovari ni ndogo na laini, hazijaanza kazi. Akampima kifua kwa ile tepu ya kukadiria uzito na kusema hajafika. Mtamba huhimilishwa akiwa na kiasi cha asilimia 60 ya uzito wa ng'ombe mkubwa wa aina yake, umri peke yake hautoshi. "Huyu anahitaji chakula, mama, sindano baadaye." Akapokea hela ya uchunguzi akaondoka, wakati angeweza kuuza dawa na mrija na mimi nisijue kitu. Tulimpa dawa ya minyoo, mashudu ya alizeti, pumba, na jiwe la madini muda wote kwenye hori, maana majani ya migomba tunayoyategemea huku yana maji mengi kuliko lishe. Joto lake la kwanza kuonekana lilikuja lenyewe, bila sindano ya mtu.

Kwake tulitumia mbegu za majike. Zinatenganishwa kwa mashine, kwa kuwa mbegu inayozaa jike ina vinasaba vingi kidogo kuliko inayozaa dume, na ndama huwa jike kwa asilimia 90 hivi. Ubaya wake ni kwamba mrija mmoja una mbegu chache mno, milioni 2 hadi 4, ilhali wa kawaida una milioni 15 hadi 20, na zimeshachoshwa na mashine. Uwezekano wa kushika unapungua. Ndiyo maana alikataa kumwekea Tunu, akisema mitamba hushika vizuri zaidi kuliko ng'ombe aliye kwenye maziwa mengi. Pendo mwenyewe mara ya kwanza hakushika, akarudi kwenye joto, mrija wa gharama ukaenda na maji, na hakuna kurudishiwa. Alipohimilishwa tena akashika, akazaa jike. Naye Tunu, kwa mrija wa kawaida, akazaa jike pia! Kwa hiyo ndama wa Pendo peke yake asikushawishi. Hata mbegu za kawaida ni nusu kwa nusu. Ninachoweza kusema ni kwamba kama una mtamba mwenye afya na hela ya kuhimili kurudia, jaribu. Kama mrija ukikosa utashindwa kununua mwingine, tumia wa kawaida.

Dosari zipo. Jumapili simu yake haipatikani, na joto halijui Jumapili. Pia mara ya kwanza hakuniandikia namba ya dume hadi nilipoomba. Usikubali. Jina na namba ya dume vimechapwa kwenye mrija wenyewe, omba uachiwe ukiwa mtupu na uubandike kwenye daftari. Bila hivyo baada ya miaka miwili utamhimilisha binti kwa mbegu za baba yake. Wa kwangu wa kawaida ulitoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kule Usa River, na dume alikuwa wa Friesian. Upimaji wa mimba kwa mkono aliufanya baada ya miezi miwili, na uko ndani ya bei. Wapo wanaokuambia "kama hajarudi, ana mimba". Kwa ng'ombe kama Tunu anayeficha joto, maneno hayo hayana maana.

Bei: mrija wa kawaida pamoja na usafiri nililipa elfu thelathini, wa majike karibu mara tatu yake, uchunguzi na sindano vinahesabiwa mbali. Kwa aliye mbali na barabara anaongeza mafuta. Ukimpigia mhimilishaji yeyote, muulize kwanza kama anakuja na mtungi au na chupa ya chai. Wangu nitaendelea naye. Mwezi ujao Tunu atatimiza siku 60 tangu azae, na nimeshamwomba aje ampapase hata kama joto litaonekana mapema.