Enchiridion ya Epictetus: kinaingia kwenye droo ya cherehani

Kitabu hiki kidogo cha mafundisho ya Epictetus, mwanafalsafa wa kale, nilikipata kwa muuza vitabu vya mitumba pale Posta, Dar es Salaam, shilingi elfu tano baada ya kuvutana kidogo. Ni tafsiri ya Kiingereza ya Elizabeth Carter, ya mwaka 1758, iliyochapishwa upya kwenye karatasi nyepesi. Kiingereza chake cha kizamani na herufi zake ndogo vinachosha, hasa kwa mtu anayeshinda akitunga uzi kwenye sindano. Lakini sura zake nyingi ni fupi. Unamaliza moja huku mteja akijaribu gauni nyuma ya pazia.

Epictetus alikuwa mtumwa Roma, tena kilema wa mguu. Alipoachiwa huru alifundisha hukohuko hadi Kaizari Domitian alipowafukuza wanafalsafa, akaenda kufungua shule Nicopolis, Ugiriki. Mwenyewe hakuandika kitu. Aliyekusanya maneno yake ni mwanafunzi wake, Arrian. Habari za kujitawala zikitoka kwa mtu aliyewahi kuwa mali ya mtu, mimi nasikiliza.

Msingi wote umo sura ya kwanza: fikra zetu, tunachokitaka na tunachokikimbia viko mikononi mwetu, mwili, mali, cheo na sifa haviko. Ila iliyonifaa zaidi ni sura ya nne. Anasema ukienda kuoga hamamu, jikumbushe kabla kwamba wapo watakaorusha maji, watakaosukuma, watakaotukana na watakaoiba. Basi mimi, Idi ikikaribia, kabla sijafungua duka najiambia: leo atakuja wa kudai nimemlia kitambaa, atakuja wa kutaka mikono ibadilishwe wakati gauni limeshapigwa pasi, na atakuja wa "fundi, hela kesho". Na wanakuja kweli, wote watatu, wakati mwingine kwa pamoja. Sauti yangu haipandi tena kama zamani.

James Stockdale, rubani wa jeshi la majini la Marekani aliyedunguliwa Vietnam mwaka 1965, alikaa kifungoni zaidi ya miaka saba akijishikiza kwa mafundisho haya. Mimi sina ushuhuda mzito hivyo, nina wateja wa Idi tu.

Ninapobishana na Epictetus ni pale anapoigawa dunia mafungu mawili. Umeme kukatika si juu yangu, sawa. Lakini kuwa na cherehani ya miguu na pasi ya mkaa ni juu yangu. Na tarehe niliyomwahidi bibi harusi je? Nusu yangu, nusu ya umeme na ya muuza zipu. Kazi yangu nyingi imo humo katikati, naye anapapita haraka mno.

Halafu sura ya tatu. Anataka uanze na chungu unachokipenda, ujiambie ni chungu tu, kinavunjika. Kisha ukimbusu mwanao, ujiambie unambusu binadamu wa kufa. Chungu nakubali, hata mkasi wangu wa gharama. Mwanangu hapana, ukurasa ule nauruka.

Nampa nyota nne. Ya tano nimeikata kwa sababu ya chapa ya herufi ndogo, na kwa sura ya 33 inayokataza kucheka sana. Hiyo haiwezekani Kariakoo. Ukikinunua, kagua kwanza mgongo wake. Changu kilikuwa kimeachia kurasa za mwisho, nikazishona kwa uzi wa jinzi.