Vijiji vya likizo vya pwani Uingereza: angalia bahari kabla ya bwawa

Hamjambo, karibuni tena. Tangu Pasaka ipite, kwenye komenti naulizwa swali moja tu: "Dada, tuna watoto, tunataka siku tatu nne za baharini hapa hapa Uingereza, twende kijiji gani?" Leo nalijibu, tena kwa majina. Hakuna aliyenilipa. Nilikokwenda nimelipa mwenyewe, kwa hiyo nitasema ninavyoona, na wewe ukiona vingine komenti ziko wazi.

Kwa ambaye hajawahi kwenda: hivi vijiji ni maeneo makubwa ya pwani, karavani mamia zimepangwa mistari, zile ndefu zisizokokotwa tena na gari. Ndani ya eneo kuna bwawa lenye paa, ukumbi wa burudani wa jioni, duka, na michezo ya watoto. Waingereza wameanza mambo haya zamani. Pale Caister, jirani na Great Yarmouth, kambi ilianza 1906, watu wakilala kwenye mahema na pombe ikiwa marufuku kabisa. Leo pita ukumbini saa tatu usiku uniambie hiyo marufuku imejificha wapi! Billy Butlin naye akafungua kambi yake Skegness mwaka 1936, na mpaka leo ipo.

Majina ya kampuni utakayokutana nayo sana ni Haven, Parkdean Resorts na Butlin's. Ukikuta video ya zamani inakusifia Pontins ya Prestatyn, Camber Sands au Southport, ipite tu, hizo zilifungwa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024. Center Parcs ni pazuri lakini ni msituni, na mimi leo nasema na wanaotaka bahari.

Haya. Wengi wetu tunachagua kijiji kwa picha ya bwawa. Mtoto anaona ile bomba ya kuteleza yenye rangi, anapiga kelele, baba anatoa kadi. Mwenzangu, mabwawa haya yanafanana! Ukiwa ndani, na ile harufu ya klorini, huwezi kujua uko Wales au Kent. Kinachotofautiana ni bahari iliyoko nje, na kuhusu hiyo tangazo halikuambii kitu. Litaandika "karibu na ufukwe" basi. Ufukwe gani? Mchanga, kokoto au tope? Maji yakipwa yanaenda wapi?

Sisi tuliokulia Pwani tunajua tangu utotoni bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, siku yanaposogea kidogo tu. Mombasa bamvua likiwa kubwa sana tofauti ya kupwa na kujaa ni kama mita 4, na hapo tunaona maji yamepwa kweli. Sasa njoo Mlango wa Bristol, huko Somerset. Kule ndani, upande wa Avonmouth, tofauti hiyo inafika kama mita 14, moja ya kubwa kabisa duniani. Maana yake, ukiwa Minehead, Burnham-on-Sea au Weston-super-Mare maji yakipwa, bahari inakuwa mstari mwembamba kule mbali. Na kati yako na ule mstari kuna tope linalomeza mguu. Burnham wana kikosi cha uokoaji chenye vyombo vinavyoelea juu ya tope, kwa sababu watu hunasa kweli. Sisemi usiende. Butlin's ya Minehead ina mambo mengi ya watoto, na vilima vya Exmoor viko nyuma yake. Nasema angalia jedwali la maji ya siku zako kabla hujalipa. Ikiwa maji yatajaa saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, watoto wako mchana kutwa watacheza na tope.

Camber Sands, huko East Sussex, Parkdean wana kijiji. Mchanga wake ni mweupe, laini, na vilima vya mchanga nyuma, ukipiga picha watu wa nyumbani watadhani uko Malindi. Lakini sikiliza. Maji pale yanakwenda mbali sana, na yakirudi yanapita kwanza kwenye mabonde nyuma ya mafungu ya mchanga. Umesimama pakavu, unacheza mpira, kumbe maji yameshakuzunguka. Agosti 2016 vijana watano walikufa maji pale kwa siku moja. Baada ya hapo ndipo wakawekwa waokoaji wa RNLI, lile shirika la hisani la uokoaji wa baharini. Kwa hiyo Camber nenda wakati waokoaji wapo, na kaa kati ya bendera zile za nyekundu na njano. Bendera nyekundu tupu, hakuna kuingia. Na yale maboya ya kupuliza, ya bata na donati, yaacheni kwenye bwawa. Upepo ukitoka nchi kavu unayabeba na mtoto juu. Likitokea la kutokea, piga 999, uombe Coastguard, yaani walinzi wa pwani.

Sasa niwape ufukwe ninaoupenda: Weymouth, Dorset. Haven wana vijiji kadhaa kuuzunguka mji. Ghuba imekingwa, mchanga mwembamba, kina kinaongezeka polepole, mtoto wa miaka mitano anatembea hatua nyingi na bado yako magotini. Kupwa na kujaa kwake ni kudogo, mita 2 hivi, kwa hiyo saa yoyote utaikuta bahari mahali pake. Treni inatoka London Waterloo moja kwa moja. Tahadhari ni moja: upande wa pili wa mji kuna Chesil Beach, ukuta wa kokoto wa kilomita kama 29. Kwa macho ni pazuri ajabu, lakini pana kina cha ghafla na mawimbi yanayovuta miguu. Pale ni kutazama tu, watoto wasiingie majini. Na baadhi ya vijiji vya Weymouth viko upande huo, au viko mwendo wa basi kutoka ufukwe wa mji, kwa hiyo fungua ramani uone karavani zenyewe ziko wapi.

Mambo ya ramani ndiyo yanaumiza watu. Marton Mere, kwa mfano, inauzwa kwa jina la Blackpool, na kweli iko Blackpool, lakini iko ndani, jirani na bustani ya wanyama. Baharini unapanda gari au basi. Kwa mwenye gari si kitu. Kwa mama mwenye kigari cha mtoto na mapacha, ni kitu.

Upande wa mashariki, Skegness na Great Yarmouth, fukwe ni ndefu, mchanga upo wa kutosha, bei mara nyingi ni rafiki. Ila upepo! Bahari ya Kaskazini haina huruma. Kampuni ya reli mwaka 1908 ilitoa bango la kuitangaza Skegness kwa upepo wake, mvuvi mnene anarukaruka ufukweni kwa furaha. Yaani walijua hawawezi kuuficha, wakaufanya biashara. Beba kitambaa cha kukinga upepo na jaketi hata Agosti. Na maji yenyewe, hata kule kusini Agosti ni kama nyuzi 17 au 18. Wanangu wanaingia na zile suti za mpira za supamaketi za bei nafuu, zinazotoka kila majira ya joto. Bila hizo wanakaa dakika tano, midomo bluu.

Kabla sijasahau, usafi wa maji. Kwa England, fukwe za kuogea hupimwa kuanzia 15 Mei hadi 30 Septemba, na kila moja ina daraja lake: bora sana, nzuri, inatosha, mbovu. Andika jina la ufukwe kwenye tovuti ya serikali utaliona. Mvua kubwa ikinyesha usiku, asubuhi yake usiwaingize watoto, maana mifereji ya maji taka hufurika ikaingia baharini.

Twende kwenye karavani yenyewe. Tazama hii klipu, sikitaji kijiji. Tangazo linasema ya watu 6. Hiki chumba cha wazazi, kitanda cha watu wawili, unazunguka upande mmoja tu. Hiki chumba cha pili: vitanda viwili vyembamba, katikati yake nimesimama na miguu nimeibana, nikigeuka nyonga inagonga ukuta. Mtu wa sita na wa tano wako wapi? Hawa hapa, sebuleni, kwenye kochi linalovutwa. Sasa sebule ndiyo jiko, na jiko ndio mlango. Bibi akilala hapo, hakuna chai mpaka aamke. Kwa hiyo mkiwa sita chukueni yenye vyumba vitatu, au mhesabu karavani ya watu sita kuwa ya wanne. Na mlioko na mtu mzima wa magoti, angalieni ngazi za mlangoni. Huwa tatu, nne, nyembamba, na mvua ikinyesha zinateleza. Omba yenye njia ya mteremko mapema, ni chache.

Hita inapasha joto sebuleni vizuri, vyumbani wakati mwingine hakuna kitu. Uliza hilo hasa kwa Aprili na Oktoba. Mashuka huwa yapo, taulo mara nyingi hazipo.

Bei. Tangazo litasema "kuanzia pauni" kadhaa, ndogo ya kuchekesha. Hiyo ni Jumatatu hadi Ijumaa, mwezi wa baridi, karavani ya daraja la chini. Tangu Aprili 2025 sheria inawakataza kuficha malipo ya lazima. Sawa, lakini pasi ya burudani na bwawa kwenye vijiji vingi vya karavani inahesabika si ya lazima. Unaweza kukodi karavani bila pasi, halafu mtoto anabaki kuchungulia bwawa kwenye kioo. Kwa hiyo linganisha bei ikiwa na pasi ndani. Butlin's wao bwawa, mashine za bembea na maonyesho ya jioni viko ndani ya bei ya kukaa, ingawa shughuli nyingine bado unalipia. Ndiyo maana Butlin's inaonekana ghali mwanzoni, halafu ukipiga hesabu ya mwisho pengo linapungua. Halafu kuna ukumbi wa mashine za kusukuma sarafu za peni 2. Watoto wanaruhusiwa, na zinakula pesa kimyakimya. Mpe kila mtoto kikombe chake cha sarafu, kikiisha kimeisha.

Tarehe. Wapo wanaosema, watoe watoto shule Juni, bei ni nusu. England, mtoto akikosa siku 5 bila ruhusa, faini ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, na usipolipa ndani ya siku 21 inakuwa 160. Wazazi wawili na watoto wawili, hiyo ni 320 tayari, punguzo lote limekwenda. Ndugu zangu wa Leicester mna bahati yenu, shule zenu hufunga mapema kidogo kuliko kwingi. Zile siku za katikati ya Julai zishikeni mapema, na Skegness haiko mbali nanyi. Wenye watoto wasioanza shule, Septemba ni yenu: maji bado yana joto la kiangazi na vijiji vimepungua watu.

Chakula sitakaa sana. Jiko la gesi lipo, sufuria ziko ila nyepesi, ugali utaungua. Beba yako, beba na mwiko. Nyama ya halali nunua mjini kwenu, igandishe, iweke kwenye boksi la barafu. Usitegemee duka la kijijini. Butlin's ukichukua chumba cha hoteli badala ya fleti, jiko hakuna, kwa hiyo piga simu uulize halali kabla ya kulipia mpango wa chakula. Dada zangu wa burkini, lile vazi la kuogelea la stara, nanyi piga simu uulize kama bwawani linaruhusiwa, ujibiwe kwa barua pepe, ukae nayo.

Ningekuchagulia mimi? Una watoto wadogo na unataka bahari kweli: Weymouth, bila kufikiri mara mbili. Huna gari na unaishi London: Butlin's ya Bognor Regis, treni moja kutoka Victoria, halafu unatembea. Ufukwe wake ni kokoto, mchanga unaonekana maji yakipwa, kwa hiyo viatu vya majini. Ni likizo ya Februari au Oktoba na mvua imeshatabiriwa: Butlin's yoyote, maana ule uwanja wao mkubwa wenye paa jeupe unaokoa familia. Ila kagua tarehe, kuna wikendi zao za watu wazima tupu, watoto hawaingii. Bajeti imebana na gari lipo: pwani ya Norfolk na Lincolnshire, karavani ya daraja la kati, mbali na ukumbi. Nasisitiza mbali na ukumbi, muziki unakwenda mpaka usiku na ukuta wa karavani ni kama kadibodi.

Scotland na Wales nimeziacha makusudi, zinataka video yao. Nitajie kwenye komenti idadi ya watoto, umri wao na kama una gari, nitakujibu mmoja mmoja. Na anayejua kijiji chenye karavani zenye ngazi nzuri kwa wazee, aandike jina, bibi wengi wanasubiri.