Kompyuta Ilikuwa Inazima Kabla Haijamaliza Kuwaka: Fundi wa Langoni Alivyonitatulia

Kama kompyuta yako ya mezani inawaka kisha inazima yenyewe, usinunue kitu kwanza. Hesabu sekunde. Hilo nimelipata kwa fundi mmoja wa hapa Amu, yaani mji wa Lamu, mitaa ya Langoni, na ndilo linalonifanya nimpe nyota nne kati ya tano.

Nina duka dogo la kuchapa na kutoa kopi. Mashine yangu ni ya kuungwa, kasha la kawaida lisilo na jina, na siku zote imenilisha bila malalamiko. Ghafla ikazua tabia. Nabonyeza kitufe, feni zinanguruma, nembo inatokea kwenye kioo, halafu kimya. Windows hata haijaonekana. Siku nyingine inakubali na kufanya kazi mchana kutwa. Kesho yake, hasa ikiamka hewa nzito ya bahari, inagoma tena. Na wateja ndio hao mlangoni, huyu anataka cheti cha KRA, yule barua ya kazi ya leo leo.

Duka la kwanza nililopeleka silitaji. Kijana aliiwasha mara moja, ikazima, akaniambia madabodi, ile bodi kuu ya ndani inayounganisha kila kitu, imekufa. Mpya shilingi 9,500, na gharama ya kuisafirisha kutoka Mombasa kwa basi mpaka Mokowe, kisha boti, iwe juu yangu. Hakulegeza hata skrubu moja. Nilimshukuru nikabeba mashine yangu.

Huyu wa pili nilimpigia simu kwanza, na alianza kazi kabla hata hajaiona. Akaniambia nichomoe printa, flashi na kila kitu kilichoning'inia nyuma, nibakishe kioo na kibodi tu, halafu nijaribu soketi nyingine ya ukutani, isiwe ile ya ekstensheni. Ikazima vilevile. Ndipo akauliza: "Dada, tangu ukibonyeza mpaka inazima ni muda gani? Na huwa ni ule ule?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikapima kwa simu: sekunde nne, haizidi wala haipungui sana.

"Basi niletee," akasema, "lakini madabodi usinunue."

Mpwa wangu akaibeba begani, maana punda simwamini na kitu chenye feni ndani. Kule dukani fundi alinieleza huku anafungua. Mashine ikizima papo hapo, feni imejitikisa tu, mara nyingi kuna waya au kifaa kimepiga shoti na pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani, inajikinga. Ikichukua muda unaobadilika, na ikizimika upesi zaidi pale inapokuwa tayari na joto, angalia prosesa, ule ubongo wa kompyuta: pengine chuma chake cha kupoozea kimelegea au ile dawa iliyopakwa katikati imekauka. Ramu (kumbukumbu ya muda) ikiwa mbovu kwa kawaida hupiga mlio au huacha kioo cheusi, feni zikiendelea kuzunguka. Lakini sekunde nne zisizobadilika zina maana yake. Kompyuta hizi zimeundwa hivyo: ukishikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde nne, zinakata umeme kwa lazima. Kwa hiyo kitufe changu kilikuwa kinabana ndani baada ya kubonyezwa, na madabodi ilidhani kuna mtu ameking'ang'ania.

Uthibitisho wake ulinifurahisha. Alichomoa waya mwembamba wa kitufe kwenye madabodi, akagusanisha pini mbili zilizobaki wazi kwa ncha ya bisibisi, mara moja tu, akaondoa mkono. Mashine ikawaka. Tukaiacha inazunguka, tukanywa kahawa, haikuzima. Hapo hata mimi nisiyejua kitu niliona kosa liko wapi.

Kitufe chenyewe alipokifungua kilikuwa kimejaa vumbi lililogandamana na chumvi, na chuma chake kimefanya kutu. Kwa mji wetu hilo halishangazi. Badala ya kuniuzia kasha jipya, alichukua waya wa kile kitufe kidogo cha kuwasha upya, ambacho sikuwahi kukitumia maishani, akauchomeka kwenye pini za kuwashia. Sasa naiwasha kwa kitufe kidogo. Cha zamani kimebaki pambo.

Kabla ya kufunga alipima pawa saplai kwa mita, mashine ikiwa inafanya kazi, kwa sababu anasema kupima ikiwa haina mzigo hakuthibitishi sana. Waya wa njano unatakiwa kuwa kati ya volti 11.4 na 12.6, wangu ulikuwa 12.1. Akapuliza vumbi nje barazani, kidole kimezuia feni zisizunguke, akapaka prosesa dawa mpya.

Nililipa shilingi 800 kwa kazi, na 300 za hiyo dawa na betri ndogo ya saa ya madabodi. Za mwanzo nimezitoa kwa moyo mkunjufu. Hizo 300 aliniongezea bila kuniuliza, na ingawa betri kweli ilikuwa imechoka (tarehe ilikuwa inarudi nyuma kila stima ikipotea), mtu huulizwa kwanza. Risiti pia hatoi, na mimi mwenye duka nahitaji risiti. Hapo ndipo nyota moja ilipokwenda.

Mkimwendea, nendeni baada ya alasiri, asubuhi huwa kwenye kazi za nje, mara Shela, mara Mokowe. Mpigieni kwanza, mkiwa mmeshahesabu hizo sekunde. Laptopu zenye kazi ya kuchomelea vidude kwenye bodi hazigusi, atawaambia wazi mzipeleke Mombasa.